Mbegu Moja ya Milia

Kama ningerudishiwa asubuhi moja tu katika miaka yangu yote ya kufundisha hesabu, ningechagua ile niliyoitwa ofisini kwa mkuu wa shule, akafunga mlango na kuniuliza, "Mwalimu Athumani, unaonaje tuwapigie kura?" Nilisema ndiyo. Ningerudishiwa asubuhi ile ningesema hapana, ningenyanyuka, ningerudi darasani kwangu.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Lakini kijana anayefundisha hesabu sasa katika shule yetu, aliyekuja kunijulia hali mwezi uliopita, hakuniomba majuto. Aliomba niwaandikie ninyi mnaoanza ualimu, na ninyi wanafunzi mnaoogopa hesabu, namna nilivyokuwa nikifundisha mada ya uwezekano, ambayo walimu wengi huiruka kwa sababu iko mwishoni mwa kitabu na mtihani unakuwa umeshafika mlangoni. Nimekubali, maana muda ninao. Mtu anayepika chakula cha mtu mmoja ana muda mwingi. Na kwangu mimi mada ile na asubuhi ile haviachani, kwa hiyo mtavumilia nikichanganya.

Mimi si msomi. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata cheti cha ualimu, nikafundisha shule ya msingi. Shule ya sekondari ya kata ilipofunguliwa hapa kijijini kwetu, mbele kidogo ya Ihanja, haikuwa na mwalimu wa hesabu hata mmoja. Nikaombwa nivuke uwanja nikawasaidie kwa muda. Nilivuka uwanja, na huo muda uliisha siku niliyostaafu.

Mada ya uwezekano nilijifunza mwenyewe, ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi. Siku ya kwanza nilifanya kama kitabu kilivyoelekeza. Nilishika sarafu nikawaambia ikirushwa ina njia mbili tu za kuangukia, kichwa au upande wa pili, na kila upande una nafasi nusu. Nikairusha. Darasa letu lilikuwa halijasakafiwa vizuri. Sarafu ikadunda, ikabiringika, ikaingia kwenye ufa wa sakafu na kusimama wima.

Hamisi, kijana mrefu wa nyuma ambaye hakuwa anajibu swali lolote, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na hiyo je?"

"Hiyo haihesabiki."

"Lakini imetokea, Mwalimu."

Walicheka mpaka mkuu wa shule akachungulia dirishani. Nilimpelekea aibu yangu Mwalimu Elia, mtu wa Kintinku aliyekuwa akifundisha jiografia na aliyenizidi umri. Hakunicheka. Alikuwa anamenya karanga, akaendelea kumenya.

"Wewe ulikuwa unafundisha sarafu ya kitabuni," aliniambia. "Wao walikuwa wanatazama sakafu yetu. Siku nyingine kabla hujasema kuna njia mbili, tazama sakafu kwanza. Na achana na sarafu. Tafuta kitu wanachokijua kuliko wewe."

Shauri lile lilinisaidia maisha yangu yote ya kazi, isipokuwa siku moja.

Kitu wanachokijua kuliko mimi kilikuwa alizeti. Hapa kwetu mtoto huzaliwa akiikuta mlangoni. Kuna zile ndogo nyeusi za kukamua mafuta, na kuna zile kubwa zenye milia ambazo watu hukaanga na kutafuna. Nilichukua kibuyu cha marehemu mama yangu, alichokuwa akisukia maziwa kutoa siagi, nikakata mdomo wake mkono upite, nikaweka ndani mbegu za aina zote mbili. Mwanafunzi anaingiza mkono bila kuchungulia, anatoa moja. Itakuwa nyeusi au ya milia? Kwa nini unadhani hivyo? Haya, irudishe, tutoe tena. Wanafunzi waliniita Mwalimu Kibuyu, wakidhani sijui.

Nawapa siri zangu chache. Usiwape kanuni kwanza. Waache wabishane. Kila mmoja aseme anachodhani kabla ya kutoa mbegu, tena aseme kwa sauti, maana mtu ambaye hakusema kitu hawezi kugundua kwamba alikosea. Rudieni mara nyingi hadi wachoke, kwa sababu mara chache hudanganya. Mbegu ya milia ikitoka mara tatu mfululizo, utasikia nusu ya darasa ikisema sasa ni zamu ya nyeusi, kana kwamba mbegu zina aibu. Hapo ndipo somo lilipo. Kibuyu hakikumbuki.

Na jihadharini na kosa la nusu. Kila mwaka kuna mtoto anayekuja nalo. Yupo mmoja aliyeniambia, jua la Agosti likiwa linachoma, kwamba nafasi ya mvua leo ni nusu, kwa sababu inanyesha au hainyeshi.

"Vizuri," nikamwambia. "Basi na tembo kupita hapa mlangoni leo ni nusu, maana anapita au hapiti."

Msichana mmoja mbele akasema, "Mwalimu, akiwa ametokea porini kule Manyoni, huenda akapita kweli."

Nilimpa alama.

Jambo lililonipa kazi kubwa kuliko yote ni zamu. Weka mbegu kumi kwenye kibuyu, moja tu ya milia, waambie wanafunzi kumi watoe mmoja mmoja bila kurudisha. Watasukumana. Kila mtu anataka awe wa kwanza. "Wa kwanza anafaidi, Mwalimu!" Wengine wajanja husema wa mwisho ndiye anayefaidi, kwa sababu nyingi zimeshatoka. Ukiwafanyisha mara nyingi wanaona wenyewe: wa kwanza, wa tano, wa kumi, nafasi yao ni ileile. Zamu haiongezi wala haipunguzi. Nilipenda sana kuona nyuso zao wakielewa jambo hilo. Nililisema kwa majivuno, kama vile nilikuwa nimelivumbua mimi.

Mwanafunzi wangu wa kwanza katika somo hilo hakuwa wa shuleni. Alikuwa binti yangu, Zuhura.

Mimi na mke wangu Hadija tulijaliwa mtoto huyo mmoja. Kabla hajaanza darasa la kwanza alikuwa akikaa na kibuyu katikati ya miguu yake uani, anatoa mbegu na kuzipanga kwenye mkeka, nyeusi huku, za milia kule. Akishindwa kukisia alikuwa anakasirikia kibuyu. Alipofika shule ya kata, nikamkuta darasani kwangu. Ninyi mliofundishwa na wazazi wenu mnajua hali hiyo. Nilimwekea sheria siku ya kwanza, tukiwa njiani: ukivuka geti, mimi ni Mwalimu. Jioni tukivuka kurudi, mimi ni Baba. Hakuwahi kukosea hata mara moja. Mara nyingine jioni alikuwa anasimama makusudi katikati ya geti, mguu mmoja ndani na mwingine nje, ananiuliza, "Hapa je, nikuite nani?"

Mwaka aliokuwa kidato cha pili, watu wa kuchimba visima walikuja kijijini na gari lao refu. Zuhura alikaa pale siku nzima akiuliza maswali. Wanajuaje maji yako wapi? Wana hakika kiasi gani? Mpimaji wao mmoja, mama aliyevaa kofia ya plastiki, akamwambia, "Hatuna hakika, mwanangu. Tuna nafasi nzuri au nafasi mbaya." Alirudi nyumbani anang'aa. "Baba, ile kazi ni kibuyu! Wanafanya kibuyu ardhini!" Tangu siku hiyo alijua anachotaka. Lakini shule yetu haikuwa na mwalimu wa fizikia wala wa kemia, na chumba kilichoandikwa maabara kilikuwa kinahifadhi majembe.

Ndipo ikaja ile nafasi. Shule moja ya bweni, mbali na hapa, yenye maabara kamili, ilitoa nafasi ya bure kwa msichana mmoja kutoka shule yetu, akasome kuanzia kidato cha tatu. Mkuu wa shule alitunga jaribio, wasichana wa kidato cha pili wakalifanya. Zuhura akawa wa kwanza. Aliyemfuata alikuwa Rehema, binti wa mfugaji wa upande wa pili wa kijiji, mtoto mwenye bidii. Nyuma yao walikuwa wawili wengine, alama zimekaribiana.

Sasa rudini nami kwenye ile ofisi. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni katika kijiji chetu na aliogopa maneno.

"Watasema mtoto wa mwalimu amepewa," aliniambia. "Wewe ndiye unayewafundisha hesabu. Watasema ulimwonyesha maswali."

"Sikumwonyesha."

"Mimi najua. Wao hawajui. Lakini wewe ndiye bingwa wa haya mambo ya bahati. Tuwachukue hao wanne wa juu, wapigiwe kura ya bahati mbele ya wazazi. Hakuna atakayelalamika. Unaonaje tuwapigie kura?"

Nilijua jibu. Mtoto alikuwa ameshapimwa, na kipimo kilishasema. Kura ni ya watu waliolingana, na wale hawakulingana. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Lakini nilipowaza jinsi watu watakavyonisema sokoni, na kisha nikawaza jinsi watakavyonisifu, nilisema ndiyo. Nilimwambia hata Hadija jioni ile kwa kujisifu kidogo. Hadija alikuwa anasonga ugali. Aliuliza tu, "Na Zuhura umemuuliza?" Sikuwa nimemuuliza.

Naacha kidogo, maana hapa huwa napumzika hata nikiwaza peke yangu.

Siku hizi kuna kijana wa bodaboda hapa barabarani, anaitwa Ramadhani, ambaye huja kunionyesha mkeka wake. Si mkeka wa kulalia, ni ule wa kubeti mechi. Anajua nilifundisha mambo ya nafasi, anadhani ninaweza kuona mbele.

"Shikamoo mzee. Hebu tazama. Timu kumi, na kila moja ni ya uhakika. Odi zenyewe ndogo kabisa, maana zote zinatarajiwa kushinda."

"Marahaba. Mama yako anafuga kuku?"

"Anafuga."

"Kila kifaranga kimoja, nafasi yake ya kumponyoka mwewe ni nzuri au mbaya?"

"Nzuri, mzee. Wengi wanapona."

"Kuku akiangua kumi, wote kumi huwa wanafikia kuwa kuku wakubwa?"

Akafikiri. "Hiyo haijawahi kutokea kwetu."

"Basi mkeka wako ni vifaranga kumi, na unataka wote wapone. Anayekupangia odi ndiye anayefuga mwewe."

Alicheka hadi akashika kofia, akaenda zake, na jioni alibeti. Nawaambia ili msije mkadhani ukimfundisha mtu nafasi ndipo anaacha kutumaini. Ila huwa namshukuru moyoni, kwa sababu ni mtu wa kuzungumza naye. Kuna siku Ramadhani ndiye mtu pekee aliyeniambia shikamoo tangu asubuhi.

Haya. Siku ya kura.

Vikaratasi vinne vingetosha. Kimoja kina alama, vitatu havina, vimekunjwa sawa, basi. Lakini wazazi walikuwa wamekuja, viongozi wa kijiji wamekaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, shule nzima iko mstarini, na mimi nilitaka waone somo langu. Niliweka kwenye kibuyu mbegu arobaini, thelathini na tisa nyeusi na moja ya milia. Nilichagua arobaini ili zigawanyike kwa nne sawasawa, asipatikane wa kusema fulani amepata zamu nyingi zaidi. Watatoa kwa zamu, mbegu mojamoja, mpaka ya milia itoke. Nilieleza haya kwa sauti kubwa. Mzee mmoja wa kijiji akasema, "Huyu mwalimu ni mtu wa haki." Nilimsikia. Nilitaka nimsikie.

Wasichana wanne wakapanga mstari. Zuhura alikuwa mbele, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza katika jaribio. Alinitazama.

"Nianze, Mwalimu?"

Nikamwambia, watu wote wakisikia, "Wewe ni mwenyeji. Waache wenzako watangulie, uwe wa mwisho. Unajua kwamba nafasi ni ileile."

"Najua, Mwalimu," akasema, akarudi nyuma. Alijua kwa sababu nilimfundisha. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Kisha nikakishika kibuyu kwa mikono miwili nikakitikisa. Mikono yangu haikujua namna nyingine ya kutikisa kibuyu kile kwa nguvu isipokuwa ile niliyomwona nayo mama yangu nikiwa mtoto, akiwa amekipakata anasuka maziwa. Juu na chini, juu na chini, kwa muda mrefu. Watu wakaanza kupiga makofi kufuata mdundo. Nilikiweka chini, nikafunika mdomo kwa leso, nikamwita Rehema.

Rehema aliingiza mkono chini ya leso, akautoa, akafungua kiganja. Ilikuwa ya milia.

Vigelegele. Mama yake Rehema alikimbia akamkumbatia mkuu wa shule badala ya mwanawe. Wale wawili wengine wakaanza kulia. Zuhura alibaki amesimama mwisho wa mstari, mkono wake wa kulia ameukunja kidogo, kama mtu aliyekuwa amejiandaa kuutumia.

Tukielekea getini nilimwambia ndivyo nafasi ilivyo, moja katika nne, na tatu katika nne ni kukosa. Tulipovuka geti akasema, "Ndiyo, Baba. Lakini mimi sikutia hata mkono."

Nilidhani yamekwisha. Wiki haikuisha, jioni moja nimetoka msikitini nikamkuta uani na mama yake. Kibuyu kilikuwa katikati yao, na mbegu zimetandazwa kwenye ungo.

"Baba, njoo uone," akasema. Alihesabu mbegu arobaini, moja ya milia, akazitia ndani, akatikisa kama nilivyotikisa mimi, juu na chini, kwa muda uleule. Akamwambia mama yake, "Mama, toa." Hadija akatia mkono, akatoa nyeusi, akatia tena, akatoa ya milia. Zuhura akazirudisha, akatikisa. Mara hii ikatoka mkono wa kwanza. Akarudia. Akarudia tena. Si kila mara, lakini mara nyingi kupita kiasi ilitoka mwanzoni kabisa. Mwishowe hakumwita mtu kutoa. Alitikisa, akaniinamishia kibuyu nichungulie.

Mbegu ya milia ilikuwa imekaa juu ya nyingine zote.

"Ni kubwa," akasema. "Ukitikisa juu na chini, ndogo zinapenya zinakwenda chini, kubwa inapanda. Na mtu akitia mkono anashika ya juu. Zamu haibadilishi nafasi kama mbegu zimechanganyika. Hizi hazikuchanganyika, Baba. Zilipangika."

Alisema kweli, na nililiona palepale. Darasani niliweka mbegu nyingi za aina zote mbili, au kumi tu tulipofanya zamu, tena nilikuwa nazungusha tu kibuyu kidogo, hivyo kosa lilijificha. Siku ya kura niliweka moja tu ya milia kati ya arobaini na nikatikisa kwa nguvu ili watu waone. Nilikuwa nimesema kuna njia sawa bila kutazama sakafu.

Mngedhani nilifurahi kuwa na mtoto wa namna hiyo. Nilifurahi, kwa muda mfupi sana. Kisha akauliza, "Utamwambia mkuu wa shule?"

Hadija aliacha alichokuwa akifanya.

"Rehema ameshatangazwa," nikasema. "Nikirudi pale watasema nimegeuza kura kwa ajili yako."

"Warudie tu. Kwa vikaratasi. Hata nikikosa, sawa."

"Watasema, Zuhura."

"Kwa hiyo mimi nikose ili wewe usisemwe?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema nipe usiku mmoja nifikirie. Nilimjibu kama ninavyomjibu mwanafunzi anayebishia alama zake. Nilisema, "Matokeo ni matokeo. Funga hilo jambo."

Alikusanya mbegu kutoka kwenye ungo, zote, akazirudisha kwenye kibuyu, akaniwekea miguuni. Kisha akasema, tukiwa uani kwetu, jua likizama, mama yake akisikia:

"Sawa, Mwalimu."

Hadija alinifuata ndani. Alisema, "Mwanao anangoja neno lako. Neno moja tu." Nilimwambia atasahau, watoto husahau. Hilo nalo nilikisia bila kutazama.

Zuhura alimaliza kidato cha nne palepale kwetu. Hesabu alifaulu. Fizikia na kemia hakufundishwa, na mtihani haukumhurumia. Aliondoka kwenda Kahama kwa dada yake Hadija, akajifunza kushona, na leo ana duka lake la vitambaa na mafundi watatu chini yake. Sisemi maisha yake yameharibika. Hayakuharibika, aliyajenga mwenyewe. Kilichoharibika kiko upande wangu.

Rehema ni muuguzi Kiomboi. Mwaka hauishi bila yeye kupita hapa. Hushuka kwenye basi na sukari na sabuni, hupiga magoti, "Shikamoo baba," na kunifagilia uwanja ingawa namkataza. Nilimwambia ukweli wa ile kura mwaka niliostaafu. Alilia, akaniuliza kama anatakiwa kumwomba radhi Zuhura. Nikamwambia yeye alitia mkono mahali alipoambiwa atie, hana radhi ya kuomba. Amekuwa mtoto mwema kwangu. Kila akiniita baba ninageuka kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina la jirani.

Na Zuhura hanitupi, mjue hivyo. Dawa zangu za presha hutoka Kahama kila mwezi kwa basi. Kondakta hunipigia simu, natembea hadi barabarani, ananikabidhi boksi lililofungwa vizuri kwa uzi wa cherehani. Juu ya boksi huwa ameandika kwa mwandiko wake ulionyooka: Mwalimu Athumani, Ihanja. Ndani kuna dawa, majani ya chai, wakati mwingine shati alilolishona mwenyewe, linalonikaa sawasawa ingawa hajanipima kwa miaka mingi. Hakuna kingine. Simu humpigia jirani yangu kuuliza kama nimepokea.

Hadija alipofariki, Zuhura alikuja. Alifanya kila kitu ambacho mtoto hufanya. Alipokea wageni, alipika, alilala kwenye mkeka na wanawake wenzake hadi arobaini ikasomwa. Kila asubuhi alikuja mlangoni kwangu, "Shikamoo, Mwalimu," nami niliitikia marahaba. Wageni walidhani ni utani wa nyumbani kwetu. Siku ya kuondoka nilimbebea begi hadi kituoni, ingawa yeye ndiye mwenye nguvu.

Tulikaa kwenye gogo tukingoja basi. Nikasema nilichokuwa nimekiandaa kwa miaka yote ile.

"Zuhura. Mkuu wa shule aliponiuliza, ilinipasa niseme hapana. Uliishinda ile nafasi. Nilikuondoa kwenye haki yako nikakutia kwenye kibuyu, ili watu waniite mtu wa haki. Na uliponionyesha kosa, nilikunyamazisha. Nilikosea mara mbili."

Alikuwa anatazama barabara. Uso wake ni wa mama yake sasa.

"Najua," akasema. "Nilijua siku ileile. Nilikuwa nangoja uniambie siku ileile."

"Nimechelewa."

"Umechelewa sana."

"Niite Baba, hata mara moja."

Alifungua mdomo. Niliona, nawaapia, kwamba alijaribu. Midomo yake ilikutana kwa ajili ya herufi ya kwanza. Kisha basi likatokea kilimani, akasimama, akaurekebisha mtandio, akachukua begi mkononi mwangu taratibu, akalishika pamoja na vidole vyangu kidogo.

"Haitoki," akasema. "Si kwamba sitaki. Haitoki tu. Ubaki salama, Mwalimu. Unywe dawa."

Basi ninyi mnaoanza, chukueni yatakayowafaa. Anzeni na kitu wanachokijua watoto. Waache wakisie kwa sauti. Hakikisheni mbegu zina ukubwa mmoja, zungusheni kibuyu, msikitikise juu na chini, na tazameni sakafu kabla hamjasema kuna njia ngapi. Msipige kura juu ya mtu ambaye ameshashinda. Kibuyu bado ninacho, kiko juu ya kabati, yeyote anayekihitaji kwa darasa lake aje achukue. Mimi sina wa kumfundishia.

Nilikubali ile kura ili watu wasiniseme, na kweli hawakunisema. Hadi leo wazee wa hapa huniita mtu wa haki. Nilichotoa badala yake ni mwanangu wa pekee. Yuko hai, yuko Kahama, ananitunza, na mimi si baba yake tena.